Ini Imekataa

Nianze kwa kujitukana mwenyewe, kisha wengine nitawafikia. Katika miaka ya tisini nilikuwa daktari kijana mwenye tai mbili, stethoskopu yangu binafsi, na Kiswahili. Hicho Kiswahili ndicho kilichonivimbisha kichwa kuliko hata shahada. Mimi ni mtu wa Pwani. Kwetu mtoto wa miaka minne akikosea kusema, bibi yake humkazia macho mpaka airudie sentensi yote. Sasa mtu aliyelelewa hivyo umtoe kwao, umpeleke Migori akawatibu watu wanaosema "kichwa inauma" na "miguu yote mbili imefura," unadhani atafanya nini? Akiwa na akili atatibu kichwa. Mimi nilisahihisha.

"Kinauma," nilikuwa nawaambia. "Kichwa ki-na-u-ma."

"Ndiyo daktari," walikuwa wanajibu kwa adabu zote, "inauma sana."

Wallahi nilikuwa nakereka! Mtu ana homa ya kumtetemesha meno, mimi nipo juu yake namfundisha sarufi. Mama mmoja alinijia na mtoto anayeharisha, nikamwuliza ni "tumbo linauma" au "tumbo inauma," eti kwa mzaha, ili nesi acheke. Nesi alicheka. Alikuwa mpya kama mimi, na wapya hucheka chochote anachosema daktari. Migori ni mji wa mpakani, watu wake wanaongea Kijaluo nyumbani, Kikuria ng'ambo ya mto, na Kiswahili wanakitoa mfukoni wanapokutana na mgeni, dereva au askari. Wanakitumia kununua na kuuza, na kazi hiyo kinaifanya barabara. Hilo sikuliona. Nililoona ni kwamba wameivunja nyumba ya babu yangu na sasa wanaota moto kwa milango yake.

Baada ya mwaka na nusu nikahamishwa hadi hospitali moja upande wa Homa Bay, jina lake nitalimeza. Kosa ninaloandika hapa ni la kwangu, sitaki wengine walibebe. Palikuwa na desturi pale ya kuzunguka wodi asubuhi pamoja na sista mkuu, mwanamke wa Rangwe, mtu mzima, mnene wa sauti, asiyekimbia hata thieta ya upasuaji ikiwa inaungua. Kazi yake mojawapo ilikuwa kusimama kati ya daktari na mgonjwa na kutafsiri. Wiki ya kwanza tu nikaifuta hiyo desturi.

"Mkalimani wa nini?" nikamwambia. "Hawa si wanaongea Kiswahili?"

"Wanaongea, daktari. Lakini Kiswahili cha hapa kina Dholuo, hiki Kijaluo chetu, ndani. Kisikilize mara mbili."

"Sista, mimi Kiswahili nimekinyonya."

Akaniangalia kidogo, akasema sawa daktari, akaenda kuhesabu mashuka. Siku hizo nilidhani nimeshinda. Kusema kweli, hiyo "sawa daktari" ya manesi wakongwe ndiyo tusi zito kuliko yote niliyowahi kutukanwa, na ilinichukua miaka kulisikia.

Huyo sista alifiwa na mama mkwe, akaenda kwao kwenye matanga. Asubuhi ileile aliyoondoka, ndipo alipoletwa fundi wa mashua kutoka kisiwa cha Takawiri.

Alikuwa mtu wa makamo, mabega mapana, mikono yenye sugu hadi kwenye viganja. Wiki kadhaa nyuma tezo ilimteleza akichonga ubao, ikamkata kidole gumba cha mguu. Jeraha dogo, akalifunga kitambaa akaendelea na kazi. Hakujua ana kisukari, na wala hakuna aliyewahi kumpima. Alipofika kwetu kidole kilikuwa cheusi tii, na kile cha pili kinakifuata. Harufu ilimtangulia mlangoni. Donda ndugu, kama lilivyoandikwa kitabuni. Mkewe ndiye aliyemleta, mwanamke mwembamba mwenye maneno ya haraka, muuza omena, wale dagaa wa ziwani. Kiswahili chake alikiokota soko la Migori, miaka na miaka ya kubishana bei na wachuuzi wa kutoka Tanzania. Mume alikuwa kimya, homa imembana, macho juu ya dari. Nikaamua hapo hapo kwamba hajui Kiswahili. Sikumwuliza. Nilimtazama tu nikaamua.

Basi nikaongea na mke, juu ya kichwa cha mume, kana kwamba mume ni mzigo umeshushwa kutoka kwenye boti. Nikamweleza kwamba mguu umeoza na kuoza kunapanda, hivyo lazima tukate kesho asubuhi. Tukikata kesho, tutakata chini ya goti. Nikachukua kalamu nikachora mstari juu ya ngozi, upana wa kiganja chini ya goti, nikaandika na tarehe pembeni. Mke akamgeukia mumewe, wakasemezana kwa Kijaluo. Akanirudia.

"Anauliza, mguu itaenda wapi?"

"Utakwenda wapi vipi?"

"Ukishakata. Mguu yenyewe. Itaenda wapi?"

Hapa ndipo ningependa mtu aniambie kwamba nilikuwa nimechoka, nina njaa, nimekesha. Wapi! Nilikuwa nimelala vizuri, nimekunywa chai na mandazi mawili. Nilicheka tu. Nikamjibu, "Utakwenda kwenye shimo la taka, mama. Ulitaka uende wapi, ukaoe?"

Yule mwanamke hakucheka. Akamtafsiria mumewe, sijui alitafsiri kiasi gani. Yule bwana akaacha kutazama dari. Akanitazama mimi, mara moja, kisha akajigeuza na ule mguu wake mzito, akanipa kisogo, uso ukutani. Akasema maneno mawili matatu. Mke akangoja kidogo, pengine akitafuta namna ya kuyaweka, halafu akaniambia:

"Daktari, ini yake imekataa."

Sasa sikiliza hesabu ya mpumbavu msomi. "Kukataa" kwa watu wa bara ni kuharibika. Gari ikikataa, haiwaki. Redio ikikataa, haitoi sauti. Hilo nilikuwa nimejifunza Migori, na nilijivunia kulijua, maana nilijiona mtaalamu hata wa makosa yao. Basi ini ikikataa, ini haifanyi kazi. Nikamsahihisha kwanza, ndiyo, "ini lake limekataa, mama," kisha nikamwuliza nani amewaambia hivyo. Akasema, "Yeye mwenyewe anasema." Nikafikiri, aha, huyu amewahi kupimwa mahali, akaambiwa ini limeshindwa. Watu wa ziwani hawa, kichocho kimejaa majini, kichocho kinaharibu ini, kila mwanafunzi wa udaktari anajua. Nikavuta kope ya mgonjwa. Macho yalikuwa na umanjano! Bila shaka yalikuwa na umanjano, ni macho ya mtu aliyechonga mbao juani miaka thelathini, mtu gani wa ziwa lile ana macho meupe? Nikapapasa tumbo chini ya mbavu. Nikalikuta ini. Wallahi nililikuta, vidole vyangu hivi viliguswa na ukingo wa ini uliovimba, na hata leo nikifumba macho naukumbuka.

Ini lenyewe halikuvimba hata kidogo. Hilo ndilo ninalowaambia madaktari vijana wanaponijia na maringo yao ya sayansi. Mkono wa daktari ukishaambiwa cha kukuta, utakikuta. Wao wananiangalia kwa huruma, wanadhani ni mambo ya wazee wa enzi zile, kwamba wao wana mashine. Haya, mashine nayo inasomwa na nani?

Nikaandika kwenye faili, kwa Kiingereza cha fahari, kwamba mgonjwa ana ini lililoshindwa, asifanyiwe upasuaji mpaka vipimo vya ini virudi. Maana mtu mwenye ini bovu ukimpa nusukaputi unaweza usimwamshe tena. Kwa ini bovu, uamuzi ule ulikuwa sahihi kabisa. Ningekuwa mtahini ningejipa alama zote.

Manesi waliposoma faili waliamini. Kwa nini wasiamini? Limeandikwa na daktari. Hakuna hata mmoja aliyemsikia yule mke akisema lile neno, maana daktari hakutaka mkalimani karibu. Na mke naye kila asubuhi aliniuliza, "Daktari, sasa tunafanya nini?" nami nikamjibu, "Tunangoja habari za ini." Alikuwa anaitikia kwa kichwa, anakaa chini kando ya kitanda. Baadaye nilielewa alichokuwa anasikia. Alikuwa anasikia kwamba daktari ni mtu mstaarabu, anangoja mumewe alegeze roho. Alinisifu kwa wagonjwa wengine! Eti huyu daktari hana haraka, hamlazimishi mtu.

Maabara yetu haikuwa na dawa za kupima ini. Damu ilibidi ipelekwe Kisumu. Gari la hospitali likakaa siku mbili bila mafuta. Siku ya tatu likaondoka, na dereva, ambaye alipewa chupa ile ndani ya kisanduku cha barafu, akaitoa akaiweka kwenye dashibodi kwa sababu kisanduku alikitaka kwa samaki. Ikachemka huko njiani. Jibu likaja kwamba damu imeharibika, tuleteeni nyingine. Nikamtolea dereva maneno mbele ya watu wote, nikamwita muuaji. Yaani mimi, nikamwita yeye muuaji! Masikini yule bwana aliomba msamaha mara tatu. Tukatoa damu nyingine, tukangoja tena.

Wakati huo wote tulikuwa tunampa insulini na viuavijasumu, tunasafisha kidonda asubuhi na jioni, na kila asubuhi nautazama ule mstari wa kalamu. Weusi ulipita vidole. Ukapita unyayo. Ukafika kifundo, ngozi ya juu yake ikawa nyekundu na moto, inang'aa. Siku ya sita wekundu uligusa mstari. Siku ya saba ukaupita. Nikashika kalamu kuchora mwingine, nikaona aibu, nikairudisha mfukoni. Siku hiyo nilijua kwamba goti limekwenda. Bado nikangoja ini. Nilikuwa na uoga wa kumwulia mtu thieta, na uoga huo nikauita busara.

Siku ya nane sista mkuu akarudi kutoka matangani. Hakuuliza lolote, alinyakua mafaili akaanza kusoma akiwa amesimama. Alipofika kwa fundi wa mashua akakawia pale kuliko kawaida.

"Hili ini nani amelipima?"

"Majibu hayajarudi."

"Sasa umejuaje limeshindwa?"

"Wamesema wenyewe. Mkewe ameniambia, ini yake imekataa." Nikaiga na sauti ya yule mwanamke, maana ubaya ukiwa mazoea unatoka wenyewe.

Sista akaanza kucheka. Alicheka kicheko cha kweli, cha kushika kiuno. Halafu kikakatika katikati. Akaweka faili chini.

"Daktari. Alisema hivyo lini?"

"Siku ile ile aliyokuja."

"Uui!" Akashika kichwa. "Chunya odagi. Huyo mzee alisema chunya odagi. Chuny ni ini, ndiyo, hata ya ng'ombe pale buchari ni chuny. Lakini chuny ya mtu ni roho. Ni moyo. Alisema roho yake imekataa. Alikataa kukatwa, basi! Hana shida ya ini huyu!"

Nilikaa kwenye kiti cha mgonjwa. Unajua kilichoniuma kwanza? Si mguu. Kilichoniuma kwanza, na nalisema hili niaibike vizuri, ni kwamba nimeshindwa Kiswahili. Na si kwamba neno lenyewe lilikuwa geni kwangu! Bibi yangu, yule yule wa kukazia watu macho, alikuwa akiudhiwa na wajukuu anasema, "Mmenikata maini." Pwani nzima inasema hivyo. Maneno mabaya yanakata maini. Kwetu ini linaumia, linakatwa, linachomwa na maneno, na hakuna hata siku moja niliyomkimbiza bibi hospitali kupimwa manjano. Lakini alipolisema muuza omena wa Takawiri, nikaona ugonjwa. Uungwana wa lugha nilidhani ni mali ya kwetu peke yetu, wengine wana makosa tu.

Sista alikuwa ameshanipita. Alikwenda akakaa kitandani, pale pale kando ya ule mguu unaonuka, bila glavu wala barakoa, akaanza kuongea na yule bwana kwa Kijaluo polepole. Nilisimama nyuma nikiwa sina kazi. Yule bwana alijigeuza kutoka ukutani. Waliongea kwa muda wa chai moja, hata wakacheka kidogo mahali. Kisha sista akaniambia bila kugeuka:

"Anataka mguu wake. Anasema mtu hazikwi vipande vipande. Mguu uende kwao uzikwe nyumbani, naye siku yake ikifika aufuate pale pale. Ukimpa mguu wake, ukate hata sasa."

"Hilo tu?"

"Hilo tu. Alikuuliza siku ya kwanza."

Tulikata mchana ule. Juu ya goti, na juu kabisa, kwa sababu sehemu ya chini haikuwa na nyama ya kuaminika. Sista aliufunga ule mguu kwa shuka la hospitali, akaufunga tena kwa karatasi ya nailoni, ndugu wa mgonjwa akaupeleka kisiwani kwa boti, ukazikwa. Ilichukua adabu kidogo na shuka moja. Majibu ya ini yalirudi Ijumaa, safi kabisa. Fundi alikuwa na ini zuri kuliko langu.

Jambo moja zaidi la siku ile ya kukata. Sista alimvuta yule mke pembeni akamkaripia, si kwa ubaya, kama mama mkubwa anavyokaripia, kwamba kwa Kiswahili unasema roho, mama, usiseme ini. Yule mwanamke akaelewa yote papo hapo, yeye alikuwa na kichwa chepesi. Akaangalia kitanda alicholala mumewe, shuka limelala bapa pale palipotakiwa kuwa na goti, akakaa sakafuni akalia kwa sauti mpaka wodi nzima ikanyamaza. Mimi nilikuwa hatua tano kutoka pale. Ningeweza kusema neno. Nilisoma faili.

Na wala sikuishia hapo. Mwezi uliofuata kulikuwa na mkutano wa madaktari Kisumu, hoteli yenye feni na soda baridi, watu wamekula posho na kuku. Baada ya chakula kila mmoja anatoa kioja chake cha wagonjwa, maana hiyo ndiyo michezo yetu, kuwacheka watu waliotuamini. Zamu yangu ilipofika nikawapa ini imekataa. Niliigiza sauti, niliigiza sista alivyoshika kiuno. Walicheka mpaka mmoja akapaliwa na soda. Goti sikulitaja. Kioja kinakuwa kizuri zaidi bila goti. Jioni yake wawili walinifuata wakataka nikirudie, nikakirudia, na safari hii nikatia chumvi, nikamfanya mwanamke mjinga zaidi. Nikikutana na mmoja wao hata sasa ananisalimia, "Ini vipi?" Sijawahi kumjibu.

Miezi ikapita, tukaenda Takawiri kuchanja watoto. Nilikuwa nimejiambia kwamba kisiwa ni kikubwa, sitamwona. Kisiwa cha kuzunguka kwa miguu kabla ya chakula cha mchana! Tulipomaliza kuchanja, mkewe mwenyewe akanijia, akanisalimia kwa mikono miwili, akasema twende ukamsalimie baba ya watoto, atasikia vibaya ukipita tu. Nikaenda. 

Nilimkuta kando ya maji, kwenye mashua iliyoanza kupata mbavu. Kazi ile inafanywa kwa magoti. Fundi anapiga goti juu ya ubao, ubao unatulia, anachonga kwa tezo kuelekea kwake. Kwa goti moja ubao hautulii. Yeye alikuwa amejilaza chini kwa ubavu, ubao ameubana kwa kifua na kwapa, anachonga kidogo kidogo kwa mkono mmoja, uso uko karibu na chuma kiasi cha kunitia baridi. Mashua ya mwezi mmoja sasa inamchukua msimu. Mguu uliokatwa chini ya goti unavaa kigongo cha mti, unapiga goti, unafanya kazi kama kawaida. Hayo nilikuwa nayajua siku ya kwanza, ndiyo maana nilichora mstari pale nilipochora.

Alipotuona akaketi, akanyoosha mkono. Tukashikana. Kisha akaniambia, kwa Kiswahili, chake mwenyewe, kizima:

"Daktari, ile siku ya kwanza ulisema utakata chini ya goti. Mbona ulikata juu?"

Nilishtuka kwanza kwamba anaongea. Siku zote nilizomtibu sikuwahi kumsikia akisema neno la Kiswahili, kwa sababu sikuwahi kumpa nafasi ya kulisema.

"Ugonjwa ulipanda, mzee," nikasema.

"Ilipanda siku ngapi?"

"Nane."

"Na mimi nilikuwa wapi hiyo siku nane?"

"Wodini."

"Na wewe?"

Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake. Nikamtazama, nikaona kwamba hajamwambia. Miezi yote ile alikuwa amelala na lile jambo peke yake, kwamba neno lake ndilo lililokula goti la mumewe, na sasa amenileta mimi nyumbani kwake kwa miguu yake mwenyewe, anangoja nimtaje.  Na mimi sentensi ilikuwa tayari ulimini. Mkeo aliniambia ini yako imekataa. Haina uongo hata herufi moja, na ilikuwa imenitumikia vizuri sana kule Kisumu.

"Kosa ni langu," nikamwambia. "Mkeo alinieleza sawasawa kwamba umekataa. Mimi ndiye sikujua Kiswahili."

Alinitazama, kwanza tai, kisha uso.

"Wewe? Mtu ya Pwani?"

"Mimi."

"Sasa si ungeniuliza?" akasema. "Mimi nilikuwa hapo tu."

 Mkewe alikuwa ameziba uso kwa leso. Fundi akajilaza tena kwa ubavu, akauvuta ubao kifuani, akaendelea na kazi.